Jumatatu za Mapumziko

Todmorden, 16 Julai 2023

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu unakuruhusu kushuka ngazi na kwamba upepo wa huko kisiwani Lerwick unakuacha usimame wima. Sisi hatujambo. Mgongo wa Mama unamsumbua asubuhi tu, mpaka anywe chai ya pili. Paka wako amehamia chumbani kwangu na hatoki. Msalimie sana Mjomba Clement.

Najua ulisema nipige simu. Bibi, kwenye simu mimi nakuwa kama mtu aliyemeza kijiko. Kuandika naweza, kwa hiyo nivumilie.

Shule nimemaliza. Siku ya mwisho wenzangu waliandikiana majina kwenye mashati, na langu lina majina matatu, mojawapo la mwalimu. Jumatatu iliyofuata nikaanza kazi na Mama. Karatasi zangu zimekubaliwa; sasa mimi ni msaidizi wa mlezi wa watoto, kihalali kabisa, katika nyumba ileile uliyolelea watoto wa mji huu miaka thelathini na mmoja. Ndoano zako za makoti bado ziko ukutani, zile za chini. Asubuhi nikitundika makoti madogo pale nanyamaza kidogo, kama mtu aliyeingia kanisani. Sijui kama na wewe ulikuwa hivyo, au mtu huzoea.

Nataka nikueleze kuhusu mtoto mpya. Anaitwa Idris, ana miaka miwili, anakuja Jumatatu na Jumanne. Mama yake ni muuguzi kule Halifax na wanaishi wawili tu. Idris hajasema neno hata moja bado. Lakini Bibi, ungeona anavyotazama vitu! Kila Jumatatu tunakwenda chini ya daraja la reli, na saa nne kasoro dakika kumi treni inapita juu. Kabla mimi sijaisikia, yeye ameshainua mkono. Hapungi. Anauinua tu, kiganja wazi, mpaka behewa la mwisho lipotee. Mara ya kwanza nilimcheka. Mara ya pili nikajikuta na mimi nimeinua wangu.

Mkataba wake niliujaza mimi, kwa sababu Mama anasema mwandiko wake unafanana na miguu ya kuku. Tulikaa mezani, mimi na Mama Idris, Mama akiwa juu anamlaza mtoto mwingine. Kuna mstari unaouliza: nyumba ikifungwa kwa sikukuu ya taifa, mzazi analipa yote, nusu, au halipi? Mstari huo ulibaki wazi.

Sasa tarehe 28 Agosti ni Jumatatu ya mapumziko. Mama siku zote hutoza yote. Bibi, wewe katika miaka yako yote uliwatoza wazazi sikukuu? Ni haki? Tafadhali niambie, ila usimpigie Mama.

Mjukuu wako,
Hester

*

Lerwick, 2 Agosti 2023

Mjukuu wangu Hester,

Marahaba. Barua yako ilikaa Aberdeen siku tano kwa sababu meli haikutoka, ikiwa imefungiwa pamoja na nyanya alizoagiza Clement. Barua imefika nzima. Nyanya sizisemei.

Mguu ni mguu, unakwenda. Mjomba wako hajambo, anafanya kazi gatini na kula kimya kimya kama kawaida yake. Jana nilimwuliza kama supu ina chumvi ya kutosha. Akafikiri, akasema, "Ni supu." Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya wiki hii.

Nimefurahi kusikia habari za ndoano. Ya tatu kutoka mlangoni inalegea, kaza skrubu. Mtoto huyo wa treni usimharakishe kusema. Nililea mmoja aliyekaa kimya mpaka miaka mitatu, na siku alipofungua mdomo alisema, "Sitaki karoti." Leo ni wakili.

Nimekufumia kofia sita. Ile ya bluu ni ya Idris.

Mstari haubaki wazi wenyewe, mwanangu. Kuna mkono ulioshika kalamu. Swali lako nimelisoma.

Mla samaki kila siku,
Bibi Annis

*

Todmorden, 3 Septemba 2023

Bibi mpendwa,

Shikamoo, na asante kwa kofia. Idris hakubali kuvua yake hata wakati wa kula. Skrubu nimekaza. Mvua ya wiki nzima imeingiza maji uani, lakini bado hayajafika jikoni. Nilisubiri labda utaandika tena kuhusu lile swali. Hukuandika, basi nikueleze yaliyotokea.

Jumatatu ile tulifunga, kama miaka yote. Mwisho wa mwezi Mama akatoa ankara na siku ile ikiwemo. Ijumaa jioni Mama Idris akaja mlangoni na karatasi mkononi, bado na viatu vya hospitali. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni nikikausha vikombe. Nilikausha kimoja mpaka mwisho.

Akasema, "Judith, hii ya tarehe ishirini na nane ni nini? Nilikuja hapa nikakuta mmefunga. Nilimwacha mwanangu kwa jirani na kumlipa jirani, halafu nakulipa na wewe?"

Mama akasema, "Nafasi yake ipo hata tukifunga. Wewe sikukuu hulipwi?"

"Mimi sikukuu niko wodini, dada. Nalipwa kwa kuwepo."

"Na mimi nikilea watoto wanne mwaka mzima, siku nane za kupumzika nisilipwe? Nile hewa?"

"Sijasema ule hewa. Nauliza. Idi ikiangukia Jumatatu nisimlete Idris, nalipa?"

"Unalipa. Mimi si niko wazi?"

"Krismasi ninyi mkifunga, nalipa?"

"Unalipa."

"Kwa hiyo sikukuu yangu nalipa na sikukuu yenu nalipa. Niambie basi, Judith, ipi ninayopata bure? Na yule baba wa mapacha, Bwana Ackroyd, watoto wake wanakuja Alhamisi tu. Serikali imeziweka karibu sikukuu zote Jumatatu. Yeye anacheka, mimi nalipa!"

Bibi, sikuwahi kufikiri hivyo. Nimekaa na Jumatatu za mapumziko maisha yangu yote kama mtu anavyokaa na mvua, wala sijawahi kuuliza zinamwangukia nani. Nilisimama na kile kikombe nikaona yule mama ni mrefu kuliko nilivyodhani.

Mama akasema, "Iko kwenye mkataba uliotia sahihi." Akaenda kuleta faili. Nikasikia anafungua kurasa. Kisha kurasa zikaacha kugeuka.

Mama Idris hakupiga kelele. Alisema tu kwamba kuna shule ya watoto wadogo Halifax, karibu na kazini kwake, inapokea watoto kuanzia Januari, na kwamba atamalizia mwaka huu kwa heshima. Ile siku moja Mama akaifuta.

Baadaye Mama aliniuliza, "Hester, ulisahau?" Nikasema labda nilisahau.

Sikusahau. Kwako naweza kuandika. Nilifika kwenye ule mstari, nikamtazama usoni, alikuwa amechoka na ametoka kunisifia mwandiko, na nikaona aibu kutaja pesa. Nikafunua ukurasa. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Na sasa Idris ataondoka kwa sababu ya ule muda.

Jumanne hii, kwa kuwa Jumatatu tulifunga, tulikwenda darajani, na treni ilipopita alisema neno. Nilidhani ni upepo. Alisema, "Tena."

Hester

*

Todmorden, 22 Oktoba 2023

Bibi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote wawili. Nilifikiri labda meli zimesimama, lakini Mama anasema gazeti halijasema hivyo. Kama nimekuudhi kwa jambo fulani, nisamehe.

Huku kuna baridi. Mama ameoka mapema keki ya tangawizi tunayokula kila Novemba na tunaificha juu ya kabati. Siku ya mwisho ya Idris itakuwa Jumanne, tarehe 19 Desemba. Mama haongei juu yake, ila juzi nilimkuta ameketi kwenye kiti kidogo cha watoto, ameshika ile kofia ya bluu ambayo Idris aliisahau.

Sokoni mama mmoja muuza jibini aliniuliza kama mimi ni mjukuu wa Annis. Akasema uliwalea watoto wake wawili na hukumtoza sikukuu hata moja, na siku nyingine ulifungua sikukuu yenyewe akiwa na shida. Akasema, "Hakuna tena watu kama yule." Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa nimejaa fahari, sikuhisi hata mvua.

Kwa hiyo jibu nadhani nimelipata, hata kama hukunipa. Nataka kumwomba Mama aache kutoza sikukuu, kabisa, kwa wote. Nataka niwe kama wewe.

Hester

*

Lerwick, 20 Novemba 2023

Hester mjukuu wangu,

Marahaba, na mimi ndiye wa kuomba msamaha. Meli zilikuwa zinakwenda na kurudi. Niliandika barua tatu na zote nimewashia moto. Hii ya nne naipeleka posta mwenyewe kabla sijaisoma tena. Hatujambo. Clement amenunua koleo jipya.

Huyo mama wa jibini ni mkarimu. Anachosema ni kweli, sikumtoza yeye wala mwingine, miaka thelathini na mmoja. Na mtu akibisha mlango siku ya mapumziko nilifungua. Mji mzima uliniita mwema, na mimi nikauacha uniite.

Hester, sikuwa mwema. Niliogopa. Nilikuwa naogopa uso wa mtu anayesikia neno "hapana". Nilikuwa naogopa kusema "siku hii ni yangu". Ungeniwekea mkataba mbele yangu ningefunua ukurasa kama ulivyofunua wewe. Mkono ule umetoka kwangu, ukampita mama yako, ukafika kwako. Mama yako alipoanza kutoza mwaka ule aliponirithi kazi, sikuongea naye siku mbili. Nilijua yuko sawa, ndicho kilichoniuma.

Nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Clement alipokuwa na miaka saba nilimwahidi Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku ya mapumziko, nitampeleka baharini, Blackpool, yeye na mimi tu. Mama yako alikuwa kwa shangazi yake. Clement hakuwa ameona bahari. Aliamka mapema, akavaa koti, akakaa kwenye ngazi ya tatu akinisubiri. Saa mbili mlango ukabishwa. Alikuwa mama mmoja mwenye watoto wawili, amepata kazi ya siku moja, na ananiambia, "Annis, najua wewe hutaniangusha." Nikawapokea. Nilikuwa natabasamu, Hester. Clement nilimpa karatasi za kuchorea na mkate.

Clement alikaa kwenye ile ngazi na koti lake mpaka saa nane mchana. Hakulia. Kisha alipanda juu, akalitundika, na hakuniomba tena nimpeleke popote. Alipofika miaka kumi na minane akachukua kazi mahali penye bahari pande zote.

Hatujawahi kulizungumza. Nala chakula chake kila siku na hatujawahi.

Basi usitake kuwa kama mimi. Ukitoza ni sawa, usipotoza ni sawa. Wako walezi wazuri wa kila aina, na wazazi wazuri wa kila aina. Lakini liseme kwa mdomo, kabla ya siku yenyewe, ukimtazama mtu. Huyo Mama Idris aliuliza swali la maana na hakuna aliyemjibu, wala mama yako, wala wewe uliyekuwa na kikombe.

Kesho naanza kukufumia glavu.

Bibi yako

*

Todmorden, 6 Januari 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mjomba. Glavu zimefika na zinanitosha. Barua yako ya Novemba nimeisoma mara nyingi, mpaka imelegea kwenye mikunjo. Nilipoimaliza mara ya kwanza nilikwenda kukaa kwenye ngazi ya tatu. Sikukaa muda mrefu. Sijui alivyoweza, mtoto wa miaka saba.

Sikuweza kusema chochote kabla ya tarehe 19. Nilijaribu. Idris alivishwa koti, Mama akambusu, mimi nikasema, "Kwaheri," na mlango ukafungwa. Nilijidharau wiki nzima.

Krismasi tulikula bata, na mkwe wa jirani akaimba. Siku ya pili yake, tarehe 26, ni sikukuu pia, na ilikuwa Jumanne. Nilitoka peke yangu asubuhi nikaenda chini ya daraja, kwa mazoea tu. Mji ulikuwa umelala. Na pale, Bibi, akiwa na kofia yako ya bluu, alikuwepo Idris, na mama yake nyuma yake amejikunyata na baridi.

Akaniona. "Hester! Hebu niokoe. Leo ndiyo likizo yangu ya kwanza tangu Oktoba, nilitaka kulala, huyu amenivuta mkono mpaka hapa. Anasubiri nini?"

Nikasema, "Treni. Lakini leo hakuna treni. Sikukuu."

"Mwambie basi, labda wewe atakusikia."

Nilichuchumaa nikamwambia. Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mgeni asiyejua habari za mji. Nami nilipotazama saa, ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi na moja. Tukasimama watatu. Hapakuwa na sauti hata moja, hata maji ya mfereji yalikuwa yameganda pembeni. Kisha Idris akauinua mkono, kiganja wazi, kwenye daraja tupu. Akaushikilia hivyo kwa muda uleule ambao treni huchukua kupita. Behewa kwa behewa. Akaushusha.

Mama yake hakuwahi kuona. Jumatatu zote hizo alikuwa wodini. Alijifunika mdomo, na nilidhani analia, kumbe anacheka huku machozi yanamtoka. Akasema, "Haya! Hata yeye analipa siku isiyofanya kazi!"

Nikacheka, na nikiwa bado nacheka nikasema. Sijui ulimi ulitoka wapi. Nikasema, "Ule mstari niliuacha wazi mimi. Sikusahau. Niliona haya kukuuliza, na Mama hakujua."

Akaacha kucheka. Akanitazama kwa muda, na Bibi, sikutazama chini.

"Unajua ile shule ya Halifax nayo inatoza sikukuu zote?" akasema. "Niliuliza siku ya kwanza, wakanijibu hapohapo. Si pesa, mdogo wangu. Pesa inauma, ndiyo, lakini siyo. Mngeniambia Julai ningekubali au ningekataa. Nilijiona kama mtu ambaye nyumba nzima inajua sheria isipokuwa yeye."

Nikamwambia nilichokuwa nimekiwaza tangu barua yako ya Novemba. Kwamba sikukuu ziwe za nyumba, si za Jumatatu. Kila familia ibebe sehemu yake ya zile siku nane kulingana na siku inazomleta mtoto kwa wiki, hata wa Alhamisi. Na kwamba kwake Idi mbili zihesabiwe kama sikukuu za nyumba. Asipomleta siku hiyo, halipi. Iandikwe yote, tuisome kwa sauti kabla ya sahihi.

"Mama yako amekubali hayo?"

"Bado sijamwambia."

"Toba," akasema. "Nenda kamwambie basi, kabla sijaganda hapa."

Mama alisikiliza akiwa amesimama. Nilimwambia na ukweli wa ule mstari. Kisha akasema, "Kuhusu Idi sikufikiri, na nilipaswa kufikiri." Akajaza birika. "Lakini Ackroyd nani atamwambia? Mimi siwezi, ataniongelesha mpaka Pasaka."

Nilimwambia mimi, Alhamisi hii, mlangoni, mapacha wakiwa wananing'inia kwenye miguu yake. Akasema, "Hester, Alhamisi hazina sikukuu, ndiyo maana nilizichagua!" Nikasema, "Ndiyo, Bwana Ackroyd, ndiyo maana wenzako wamekubebea miaka minne." Masikio yangu yalikuwa yanawaka. Akamgeukia Mama. "Huyu si alikuwa haongei?" Mama akasema, "Hata mimi nilidhani hivyo." Akatia sahihi kwa kunung'unika, na kesho yake akatuletea sanduku la machungwa.

Jumatatu Idris anarudi. Mama yake ameiacha ile nafasi ya Halifax. Anasema Idi moja mwaka huu huenda ikaangukia Jumatatu, mwezi ukipenda, na amenionya nisithubutu kumtoza.

Sikujua kwamba neno likisemwa linakuwa dogo hivyo.

Bibi, niruhusu niseme na moja kwako, maana sasa nimeanza. Mjomba yuko chumba cha pili.

Hester

*

Lerwick, 1 Februari 2024

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako niliipata tarehe 19. Siku kumi nikazunguka nayo kwenye mfuko wa aproni. Jumatatu wiki hii, tukila, nikamwambia Clement habari ya ngazi. Nilisema yote, na tabasamu langu la siku ile nikalitaja. Aliendelea kula. Akaosha sahani yake, akaenda kulala. Jumanne mji mzima ulikuwa kwenye sherehe ya moto ya kila Januari, na yeye hakuniambia neno.

Jana hapa ilikuwa siku ya mapumziko, ya kulala baada ya sherehe. Maduka yamefungwa, gati limefungwa. Niliteremka saa mbili nikimtegemea Mungu na ule ubao wa kushikilia. Clement alikuwa ameketi kwenye ngazi ya tatu, amevaa koti, na langu amelikunja magotini.

Akasema, "Vaa, Mama. Bahari iko pale."

Bibi